Antivairasi inapiga kelele kila saa kuhusu websaiti ile ile? Usiizime, fanya hivi

Kuna jamaa yangu yupo Moshi, ana kikampuni chake cha kupandisha wageni Kilimanjaro. Siku moja kanitumia skrinishoti aliyotumiwa na mteja wa Ujerumani, antivairasi ya yule mteja imegoma kabisa kufungua websaiti ya kampuni, imeandika tishio limezuiwa, na mteja anauliza kwa upole tu kama kuna shida. Nikamuuliza jamaa, we umemjibuje? Akasema nimemwambia azime antivairasi aingie, mbona kwangu inafunguka vizuri tu.

Asee. Nilikaa kimya kama dakika nzima.

Maana websaiti ilikuwa imeoza kweli, na kila mteja aliyekutana na lile onyo kabla ya huyo Mjerumani alikuwa anajiondokea kimya kimya bila kuandika hata mstari mmoja. Sasa kwa vile haya mambo naulizwa sana, wengine wenye websaiti zao na wengine watumiaji wa kawaida tu ambao laptopu inawapigia ting ting kila dakika mbili, nimeona niyaweke yote sehemu moja. Ni ndefu kidogo, we ruka uende kwenye kipande kinachokuhusu, ila hiki cha kwanza soma hata kama una haraka.

Kwanza jua nani anaongea

Wengi wetu onyo likitokea tunakimbilia ile alama ya X kama vile tunaua mbu. Usifanye hivyo. Chukua simu upige picha skrini nzima, halafu ndo ufunge. Kwenye hiyo picha kuna karibu kila kitu fundi atakachokuuliza, na ukija kwangu na maneno ya "inasema kuna vairasi" nitakurudisha ukapige picha.

Kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye picha ni jina la anayeongea. Je, hiyo antivairasi inayolalamika unayo kwenye kompyuta? Kuna dada ana steshenari karibu na kwangu, alikuwa analetewa maonyo kila baada ya dakika chache, "kompyuta yako ina vairasi 5, muda wa ulinzi umeisha, lipia sasa", na nembo ya McAfee kabisa. McAfee hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa na Defender ile inayokuja na Windows na ilikuwa imekaa kimya haina neno. Ukiangalia kwa makini kwenye kile kiboksi cha pembeni chini unaona maandishi madogo yanasema Google Chrome na mbele yake jina la websaiti la ajabu ajabu. Yaani hiyo ni notifikesheni ya websaiti, tangazo la matapeli lililovaa sare ya askari.

Inaingiaje? Unaangalia mpira kwenye zile linki za bure, au unashusha muvi, unakutana na ukurasa unaosema bonyeza Allow kuthibitisha wewe sio roboti. Ukibonyeza Allow hujathibitisha lolote, umewapa ruhusa ya kukutumia matangazo hata ukiwa umefunga ule ukurasa. Dada wa steshenari ana wateja hamsini kwa siku wanaokalia ile kompyuta, kila mmoja na Allow yake.

Kuitoa ni dakika moja. Kwenye Chrome andika kule juu chrome://settings/content/notifications halafu enter, utaona orodha ya websaiti zilizoruhusiwa, futa zote usizozijua, na mimi nakushauri uchague kabisa ile ya kuzuia websaiti zisiombe tena. Edge na Firefox nazo zina sehemu hiyo kwenye settings, andika notifications kwenye kisanduku cha kutafutia utaiona. Kwenye simu ya Android likija onyo usiliguse kwa kubofya, lishikilie kwa kidole mpaka lifunguke, litakuonyesha linatoka wapi, hapo hapo unalizima. Alafu utashangaa, "vairasi 5" zimepona bila dawa.

Ndugu yake huyu ni ule ukurasa unaojaa skrini nzima na king'ora juu na namba ya simu ya "Microsoft". Usipige hiyo namba. Shikilia Esc mpaka skrini irudi, au bonyeza Alt na F4, ikigoma Ctrl+Shift+Esc uiue brauza kwa Task Manager, na ukiifungua tena ikikuuliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa. Ukikubali imerudi na king'ora chake.

Kama anayeongea ni antivairasi yako kweli

Sawa, umeangalia na ni antivairasi yako halali. Hapo soma vitu vinne, anwani iliyozuiwa, jina ililolipa tatizo, programu iliyokuwa inaita hiyo anwani, na saa.

Jina linasema mengi. Avast na AVG wakiandika URL:Blacklist maana yake hiyo anwani ipo kwenye orodha yao ya watu wabaya na wamekuzuia mlangoni kabla hujaingia, haimaanishi kompyuta yako imeambukizwa. Jina likianza na JS/ mara nyingi ni kwamba imesoma kodi ya JavaScript kwenye ukurasa na imeona kitu kibaya ndani yake, hiyo ina uzito zaidi. HEUR ni kifupi cha heuristic, yaani kukisia, imeona tabia za kutilia shaka lakini haina ushahidi kamili, hapo ndo antivairasi zinakosea mara nyingine. Malwarebytes yenyewe inakuandikia mpaka IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) na poti (mlango wa mawasiliano) na kama ni Outbound au Inbound. Outbound ni kompyuta yako inatoka kwenda huko. Inbound ni mtu wa nje anagonga kwako, na ukiona inbound nyingi kwenye poti 3389 ujue umeacha Remote Desktop (ya kuendesha kompyuta kutoka mbali) wazi kwenye intaneti na watu wanajaribu paswedi usiku kucha, kaifunge kwanza kabla ya kuendelea kusoma.

Sasa angalia programu. Ikiwa ni chrome.exe au msedge.exe au firefox.exe, swali ni je onyo linakuja ukifungua websaiti moja tu, au linakuja hata ukiwa hujafungua kitu?

Ikiwa ni websaiti moja tu, kompyuta yako huenda haina shida yoyote, shida ipo kule. Linganisha anwani iliyozuiwa na websaiti uliyofungua. Zikiwa tofauti, mfano umefungua gazeti lakini kilichozuiwa ni jina refu la herufi zisizosomeka, basi ni tangazo au skripti ya pembeni imeingizwa ndani ya ukurasa, na mwenye websaiti pengine hana habari.

Onyo likija lenyewe hujafungua kitu, watu wanachanganyikiwa hapa na kuanza kupiga windows upya. Subiri kwanza. Kuna sababu za kijinga kabisa. Kuna tabu ulifungua juzi bado ipo imejificha kati ya tabu arobaini na inajirefreshi. Kuna ile tabia ya brauza kupakia kurasa mapema, yaani unaanza tu kuandika herufi mbili kule juu, Chrome inakisia unataka ile websaiti ya juzi inaanza kuipakia kabla hujabonyeza enter, antivairasi inaruka. Nenda settings andika preload uzime. Na yale mapendekezo yanayoshuka chini ya anwani, ukishuka na mshale mpaka kwenye hiyo websaiti ukabonyeza Shift na Delete linafutika. Websaiti pia inaweza ikawa imeacha kakipande kake kwenye brauza kanakofanya kazi nyuma, hapo unafuta data za websaiti hiyo tu, sio lazima ufute historia yote ya maisha yako.

Bado inakuja? Ekstensheni, zile programu ndogo za ndani ya brauza. Zima zote, kaa nusu saa, kukiwa kimya washa moja moja mpaka umpate mwizi. Kuna moja ya ujanja hapa, ukiitoa kwenye laptopu halafu kesho imerudi ni kwa sababu akaunti yako ya Google imesinki, bado ipo kwenye kompyuta ya ofisini na inarudishwa kutoka huko. Itoe kote siku moja.

Programu ikiwa sio brauza, unaona powershell.exe au wscript.exe au jina usilolijua linaita websaiti kila baada ya dakika kumi juu ya alama, hapo sasa kompyuta yako yenyewe ndo mgonjwa, na ule mpangilio wa dakika kumi unakwambia pa kutazama, Task Scheduler, ratiba ya kazi ya Windows. Kuna kazi imepangwa humo. Na kiukweli nikiuliza maswali mawili matatu huwa tunafika pale pale, Windows iliwekwa na fundi kwa aktiveta ya bure, au Office, au ile programu ya kuedit video. Wakati wa kuiweka maelekezo yalisema "zima antivairasi kwanza", wewe ukazima. Shusha Autoruns, ni ya Microsoft na ni bure, inakuonyesha kila kinachoanza chenyewe, halafu piga Microsoft Defender Offline scan, kompyuta inajizima na kuwaka na kuskani kabla Windows haijaamka, ni kama robo saa hivi. Usiweke antivairasi mbili zote zikalinda kwa wakati mmoja ukidhani ulinzi unakuwa mara mbili, zinagombana zenyewe na laptopu inakuwa nzito kama jiwe.

Halafu kuna ile hali ya nyumba nzima. Laptopu inalia, ya mke inalia, simu zinapelekwa kwenye kurasa za kamari, ukiwasha data ya simu badala ya wifi kunatulia. Hiyo ni ruta. Mtu ameingia kwenye ruta (paswedi ni admin na admin, tusidanganyane) akabadilisha DNS, yaani kile kitabu cha simu kinachoiambia kompyuta jina hili la websaiti liko namba gani. Mchezo huu ni wa zamani, mwaka 2011 FBI na polisi wa Estonia walikamata genge la watu wa Estonia waliofanya hivyo kwa vairasi ya DNSChanger kwenye kompyuta zaidi ya milioni 4 duniani. Dawa yake resit ruta, badili paswedi ya kuingilia, apdeti programu yake, na kwenye DNS unaweza kuweka 9.9.9.9 ya Quad9 ambayo yenyewe inakataa anwani zinazojulikana kuwa mbaya. Ukiwa huko huko fungua kwa Notepad lile faili la C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwenye kompyuta, mistari isiyoanza na # yenye majina ya websaiti ambayo hukuiweka wewe ni ya kutilia shaka.

Unajuaje kama websaiti imeambukizwa kweli au antivairasi inakuonea

Usiende kuifungua kwenye simu "kujaribu". Kopi anwani, nenda VirusTotal, chagua URL, bandika. Itauliza injini za antivairasi nyingi, zaidi ya sabini, kwa mpigo. Mmoja tu akisema mbaya tena kampuni hujawahi kuisikia, yawezekana ni kukosea. Wakisema sita au saba na wakubwa wamo, achana nayo. Angalia tarehe ya majibu, kama ni ya miezi iliyopita bonyeza kuchambua upya. Na usibandike huko linki yenye taarifa zako, mfano linki ya kubadili paswedi au ya fomu yako ya maombi ya chuo, wengine wanaweza kuona unachotuma.

Google nao wana ukurasa wao, tafuta "Safe Browsing site status", unaweka jina la websaiti wanakwambia. Ile skrini nyekundu ya Chrome inatoka kwenye orodha hiyo hiyo, na Firefox na Safari nazo huwa zinaitumia.

Sasa ikiwa ni websaiti unayoihitaji, ya chuo, ya halmashauri, ya duka unaloagiza mzigo, kishawishi ni kuiweka kwenye exception (orodha ya zinazoruhusiwa) ili antivairasi inyamaze. Mimi siweki. Napiga simu au natuma ujumbe kwa namba niliyokuwa nayo tangu zamani, sio iliyopo kwenye ukurasa huo, kitu kama hiki:

"Habari za kazi mkuu, nimejaribu kufungua websaiti yenu leo saa 4 asubuhi, antivairasi imezuia ukurasa wa malipo na imeandika jina hili (picha nimeambatanisha). Nimeipima pia VirusTotal wapo watano wanaoilalamikia. Naomba mmfikishie anayewatunzia websaiti, mimi wakati huo nitatuma fomu kwa email."

Picha, saa, ukurasa gani, jina la tatizo. Ukimwandikia tu "websaiti yenu ina vairasi" atakujibu kama alivyojibu jamaa yangu wa Moshi.

Websaiti ikiwa ni yako

Hapa ndo penye kazi.

Kwanza lile la "mbona kwangu inafunguka". Uchafu wa siku hizi unachagua wa kumtokea. Ukiwa umelogini kama adimini unajificha. Unamtokea mtu aliyetoka Google tu, au aliye kwenye simu tu, au aliyetoka nje ya nchi, na akishaonyeshwa mara moja haonyeshwi tena siku hiyo. Kwa hiyo mwenye mali ndo wa mwisho kujua. Kuuona, toka kwenye akaunti, tumia data ya simu sio wifi ya ofisini, fungua dirisha la private, itafute kampuni yako Google kama mgeni halafu bofya kutoka huko. Pia andika Google site: ikifuatiwa na jina la domeini bila nafasi, ukikuta kurasa za Kijapani zinazouza mikoba au kurasa za vidonge na kamari chini ya jina lako, basi wapangaji wameshahamia. Na kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye websaiti, kuna URL Inspection inayokuonyesha ukurasa kama Google anavyouona.

Ikithibitika, funga websaiti kwa muda, weka ukurasa mmoja wa kusema tupo kwenye matengenezo. Halafu chukua bakapu ya ule uchafu wote, faili na databesi, ndio ile ile chafu, maana ukikosea kufuta utahitaji pa kurudi. Ila iite jina linaloeleweka ili mwaka ujao usije ukairudisha ukidhani ni nzima.

Hatua inayofuata wengi wanairuka, skani kompyuta unayotumia kuendesha websaiti. Mwaka 2009 kulikuwa na kitu kinaitwa Gumblar, kilikuwa kinaambukiza kompyuta ya mtu, kinaiba paswedi za FTP (njia ya kupandisha faili kwenye seva), kinaenda kuchafua websaiti za huyo mtu, wageni wa hizo websaiti nao wanaambukizwa, na mzunguko unaendelea. Unasafisha websaiti asubuhi, jioni imechafuka, kwa sababu mwizi analala chumbani kwako. Kwa hiyo kompyuta kwanza, ndo ubadili paswedi, na ubadili zote, ya hostingi (kampuni inayokuhifadhia websaiti), ya FTP, ya databesi, ya WordPress, ya email. Ukibadili kwenye kompyuta chafu umemwandikia mwizi paswedi mpya.

Jamaa yangu yupo WordPress, ile programu ya kuendeshea websaiti, na wengi wenu mpo huko, kwa hiyo naongelea hiyo. Kuna njia mbili, kutafuta uchafu faili kwa faili, au kutupa na kuweka vipya. Mimi natupa. Folda za wp-admin na wp-includes nafuta zote, nashusha WordPress mpya kutoka wordpress.org, naweka. Plagini zote (programu ndogo za kuiongezea websaiti kazi) naandika majina, nafuta folda zao, naweka upya kutoka chanzo. Themu (muonekano wa websaiti) vile vile. Kinachobaki ni wp-config.php na folda ya uploads, na hivyo viwili ndo navipitia kwa macho. Kwenye uploads kunatakiwa kuwe na picha na PDF, ukikuta faili la .php katikati ya picha za Machame huyo hajaja kupanda mlima. Kuna plagini chache zinaacha index.php tupu humo, lifungue, likiwa na mstari mmoja wa salamu sawa, likiwa na fujo ya herufi na maneno kama eval, base64_decode, gzinflate, limeshajieleza. Ila usifute kila penye base64_decode kwenye plagini halali, zipo zinazoitumia kwa kazi ya kweli, ndo maana nasema tupa na uweke mpya badala ya kuokota okota.

Kama hosti wako ana WP-CLI, ya kuendesha WordPress kwa kuandika amri, mshukuru Mungu, andika wp core verify-checksums, inakwambia faili gani la WordPress limeguswa, na wp plugin verify-checksums --all kwa plagini zilizotoka wordpress.org. Za kununua haitazijua, hilo usiogope.

Pembe ambazo watu wanasahau: faili la .htaccess (lenye maagizo kwa seva), na sio la juu tu, yanaweza kuwa kwenye kila folda. Folda ya mu-plugins ndani ya wp-content, humo plagini inafanya kazi bila kuonekana kwenye orodha ya kawaida. Databesi, kwenye wp_options angalia siteurl na home kama bado ni wewe, na kwenye wp_posts tafuta neno script na String.fromCharCode. Watumiaji, kuna adimini humjui? Cron jobs (kazi zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba) kwenye cPanel, paneli ya hostingi, hii ni muhimu, nitarudi kwake. Ukimaliza badili zile salt keys (funguo za siri za kulogini) ndani ya wp-config.php, kila aliyekuwa amelogini anatolewa nje, pamoja na asiyetakiwa.

Halafu waliingiaje? Usiposhika hilo umepiga deki huku bomba linavuja. Mwaka 2014 kulikuwa na SoakSoak, ilichafua websaiti zaidi ya laki moja kupitia plagini ya slaidi inaitwa Slider Revolution, na ubaya wake ile plagini ilikuwa inakuja imefungwa ndani ya themu, mwenye websaiti hata hajui kama anayo, hivyo hawezi kuiapdeti. Septemba 2020 ikawa zamu ya WP File Manager iliyokuwa kwenye websaiti kama laki saba. Balada Injector ipo tangu 2017, kila ikisikia plagini fulani ina tundu inakimbilia hapo. Kwa hiyo anza na plagini isiyoapdetiwa. Na themu za "premium bure", zile fundi anakuwekea kwa elfu ishirini wakati kwenye soko lake ni dola sitini, nyingi zinakuja na mlango wa nyuma umeshakatwa tayari.

Kwa jamaa wa Moshi nilisafisha mara ya kwanza nikajisifu, siku ya tatu simu, imerudi. Nikaipitia tena, safi. Ikarudi. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba ndani ya akaunti hiyo hiyo ya hostingi kulikuwa na folda inaitwa old, websaiti ya zamani ya 2017 ambayo fundi aliyepita aliiacha "just in case", haina linki popote, haijaapdetiwa tangu siku hiyo. Watu walikuwa wanaingia kupitia kule, wanavuka ukuta. Kwa hiyo akaunti moja yenye websaiti tano ni nyumba moja yenye milango mitano.

Hapo nilijifunza kuangalia uchafu unarudi baada ya muda gani. Ukirudi ndani ya dakika au saa chache, kuna kitu kiko hai kwenye seva kinauandika upya, cron job au faili ulilolisahau, katafute hapo. Ukirudi baada ya siku kadhaa, kuna mlango, plagini mbovu au folda ya jirani kama hii. Ukirudi kila baada ya mtu fulani wa ofisini kulogini, mwite na laptopu yake. Tarehe za faili kubadilika zinasaidia lakini usiziamini sana, wanaweza kuzichezea. Logi za hosti, kumbukumbu za nani aliomba nini saa ngapi, ndo rafiki, tafuta POST (ombi la kutuma data) iliyoenda kwenye faili la ajabu saa ile uchafu ulipotokea, utaona na kilichotangulia.

Kujitoa kwenye orodha za watu wabaya

Umesafisha, umeziba, lakini antivairasi za watu bado zinalia. Ni kawaida. Kila kampuni ina orodha yake na hakuna ofisi moja ya kwenda kuomba msamaha.

Google unaenda Search Console, Security Issues, unaomba review, unaeleza kwa maneno yako ulikuta nini, ulitoa nini, uliziba wapi. Ikiwa ni vairasi wanachukua siku chache, ikiwa ni kurasa za spam inaweza kwenda wiki kadhaa. Usiombe kabla hujamaliza. Tangu 2016 wana utaratibu, websaiti inayojisafisha ili ipite review halafu inarudia uchafu kwa makusudi wanaiita mkosaji wa kurudia na mwenyewe anakaa siku 30 haruhusiwi kuomba, ila iliyodukuliwa tu haihesabiwi humo.

Za antivairasi, rudi VirusTotal, andika majina ya wote wanaokulalamikia, halafu kila mmoja mtafutie fomu yake ya kuripoti makosa, ujaze. VirusTotal wenyewe usiwaandikie kuomba wakutoe, wao ni kioo tu, wanaonyesha walichosema wengine. Ikiwa anayelalamika anazuia IP na sio jina lako, angalia mnachangia IP hiyo na nani, kwenye hostingi ya bei nafuu mnaweza kuwa mamia kwenye namba moja na mmoja wenu ni tapeli, hapo unaomba hosti akuhamishe. Hosti asiyejibu tiketi wiki nzima mhame mwenyewe.

Kwa wateja usinyamaze. Waambie kuna tatizo limeonekana tarehe fulani, limetolewa, maonyo yatapotea taratibu, kwa sasa tumieni WhatsApp. Usiwaambie wazime antivairasi.

Kwa jamaa yangu Google walimtoa siku ya tatu, kampuni nyingine mbili ndani ya wiki, na moja ikamkalia siku kumi na moja mpaka akawa ananipigia kila asubuhi kuuliza kama leo wameamka vizuri. Themu ya bure tumeitoa, folda ya old imekufa, bakapu inaenda nje ya seva kila Jumapili. Yule Mjerumani alishapanda mlima mwezi uliofuata, na kampuni nyingine ya hapo hapo Moshi, mtaa wa pili.